Nyota zilizopumzika kila Jumamosi juu ya mabati yangu, Dandora

Wakuu wa jukwaa hili, wanaume kwa wanawake, hamjambo. Mimi ni nyanya wa watu, shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo mkiona herufi imeruka mwenzake mnivumilie.

Nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, na majina nitakayotaja ni ya watu niliowapikia chai. Mwenye kuamua kwamba ni chai tu, yaani hadithi ya kutunga, nyuzi ni nyingi, aendelee mbele.

Nimesoma uzi wa yule kijana aliyepata nafasi ya kusomea mambo ya anga chuo kikuu. Anauliza achague eneo gani la utafiti. Mmemjibu kurasa tatu nzima. Huyu anasema mashimo meusi, huyu anasema nyota zinazolipuka, huyu mawimbi ya redio, na wawili wameanza kutukanana.

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza hiyo research atafanyia wapi na jirani yake ni nani.

Ndiyo maana nimeshika simu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa tumepata plot Dandora Phase One, mimi na mume wangu Wafula. Siku hizo ulikuwa unapewa choo, bafu na mfereji, vyumba ujijengee mwenyewe kadiri Mungu atakavyokujalia. Wafula alikuwa kiwanda cha blanketi Industrial Area. Sisi tulikuwa na vyumba viwili na mtoto mmoja, Nanjala.

Mdogo wangu Jerida alikuwa anakaa na sisi. Jerida alikuwa amemaliza digrii ya fizikia, msichana peke yake katika darasa lao, na alitaka kuendelea na ile digrii ya pili.

Sasa sikilizeni shida ilipo. Baba yetu, Mzee Yohana, alikuwa Kimilili na hakutaka. Shule ya wasichana karibu na nyumbani ilikuwa inangoja mwalimu, na yeye alikuwa ameshawaambia Jerida anakuja. Nilisafiri mpaka nyumbani kumtetea. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hivi: "Wewe ndiye unayemshikilia huko. Chuo wakimkataa, utamleta mwenyewe kwa mkono wako."

Kwa hivyo mkisoma msifikiri nilikuwa mtazamaji. Kamati ya chuo ilikuwa ikae mwezi wa kumi na moja kuamua kama Jerida anaendelea ama anaenda kufundisha. Akikataliwa, mimi ndiye wa kumpeleka Kimilili na kusimama mbele ya mzee.

Siku moja alikuja na karatasi ya idara yao. Ilikuwa na orodha ya maeneo ya utafiti wa anga. Nilikuwa nachambua maharagwe, nikamwambia anisomee.

La kwanza lilikuwa jua. Hilo lilikuwa limeshachukuliwa na kijana aitwaye Simiyu, na chombo cha kupimia kilikuwa kimoja tu.

La pili, nyota zinazobadilisha mwanga. Hizo zinataka darubini, na darubini yao ilikuwa imeota ukungu kwenye kioo, inangoja kifaa kutoka ng'ambo.

Kisha mawimbi ya redio kutoka angani, ambayo yanataka shamba zima la nyaya. Kisha miali fulani ya mbali sana, ambayo inataka mtu apande mlima na mitambo.

La mwisho lilikuwa vumbi la angani. Hakuna aliyelitaka.

Jerida akanieleza kwamba kuna vumbi linaloanguka kutoka huko juu kila siku, mawe ya angani yakiungua, na linatua mahali popote, hata juu ya nyumba. Sehemu ya vumbi hilo ni vigololi vya chuma, vidogo kuliko punje ya chumvi. Unahitaji paa, sumaku, na hadubini, ambayo watu wa idara ya wanyama wangemwazima.

Nikamuuliza paa la nani. Akaniangalia.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Paa la bafu letu lilikuwa la mabati, la chini, na mimi nilikuwa naanika kunde juu yake. Kunde zikashuka. Ikapanda nailoni nyeupe, imewekewa mawe pembeni. Nikapigwa marufuku kuwasha jiko karibu, kufagia upande ule, hata kukung'uta mkeka.

Sumaku ilitoka kwenye spika ya redio ya Wafula. Jerida alimwomba kwa upole na Wafula, ambaye hakujua spika ina sumaku, akasema chukua. Jumapili alipotaka kusikiliza mpira redio ikakaa kimya. Alimnunia Jerida siku mbili, na kwa Wafula siku mbili ni nyingi.

Kila jioni kabla jua halijazama Jerida alishusha nailoni, akaiosha ndani ya karai langu, akapitisha ile sumaku aliyoifunga karatasi. Unga mweusi ulishika. Akaufunika kwenye kikaratasi na kuandika siku. Asubuhi nailoni inarudi juu.

Jirani yangu Nyambura, mama mboga wa kutoka Murang'a, alikuwa anasimama kwenye ua kutazama. Kila mara lazima aseme kitu. Kuna siku aliniambia, "Mama Nanjala, hizo nyota zikikauka vizuri unipimie kilo moja." Plot nzima ilicheka wiki nzima. Mimi nilivumilia, kwa sababu ya Mzee Yohana.

Sasa niwaambie kuhusu Ombati.

Plot ya nyuma yetu, ukuta wa bafu langu ukiwa ndio ukuta wake, alikaa fundi wa kuchomelea chuma aitwaye Ombati, Mkisii, mtu mpole. Wakati huo Dandora yote ilikuwa inajengwa. Kila mtu alitaka mlango wa chuma na dirisha la chuma, na wote walikwenda kwa Ombati. Kutwa nzima anakata, anasugua, anachomelea. Cheche zilikuwa zinaruka juu ya ukuta mpaka siwezi kuanika shuka upande ule, zinatoboka matundu.

Lakini Ombati alikuwa Msabato. Ijumaa jua likikaribia kuzama alikuwa anafanya kazi kama mtu anayefukuzwa, amalize oda. Likizama, mashine inafunikwa gunia. Jumamosi utamwona na shati jeupe, mke wake Kemunto nyuma, watoto nyuma ya Kemunto, wanaenda kanisani. Jumapili sisi tukijaribu kupumzika, yeye yuko kazini. Tulishagombana naye kwa ajili hiyo, kwa hivyo ratiba yake naijua kuliko ya mume wangu.

Wakuu, nadhani mmeshaona ninakoelekea. Nyinyi mmeona kwa dakika tatu. Watu wa chuo kikuu hawakuona kwa miezi mitano.

Jerida alikuwa anapeleka vikaratasi kwenye hadubini, anahesabu vigololi vya kila siku, halafu anachora kwenye karatasi ya miraba. Karatasi aliibandika kwa gundi ya unga kwenye ukuta wangu. Mimi sijui kusoma grafu, lakini naweza kuona mstari. Ulikuwa unapanda na kushuka kama meno, na kila baada ya meno sita kuna pengo.

Nikamuuliza hilo pengo ni siku gani. Akaangalia, akasema Jumamosi.

Nikasema hiyo ni siku Ombati anaenda kanisani.

Alicheka, tena kwa mapenzi. Akasema, dada, Ombati anachomelea chini na vitu hivi vinatoka juu. Akanifungulia kitabu, akanionyesha picha ya vigololi vya angani na kuniambia vyake ni hivyo hivyo, mviringo na weusi wa kung'aa. Nikamwambia sibishani na picha, nabishana na Jumamosi. Akasema ataliangalia.

Hiyo ni mara ya kwanza.

Mara ya pili nilimwambia amweleze msimamizi wake, Daktari Kitonyi. Alisema hawezi kumpelekea mtu kama yule habari za jirani na jirani.

Huyo Daktari Kitonyi sikuwa nimemwona, lakini alikuwa ameuliza swali sahihi mwanzoni. Alimuuliza Jerida kama hapo kuna viwanda. Jerida akasema hakuna, na ni kweli, hakuna kiwanda. Daktari akaangalia ramani yake. Ramani ilikuwa ya zamani, Dandora ilikuwa machimbo ya mawe na nyasi. Akaridhika kwamba mwanafunzi wake anakusanya vumbi porini.

Alikuwa anapita Jogoo Road mpaka mahakama za Makadara akiwa na kesi ya shamba, lakini kusogea mbele kidogo aone tunavyoishi, hapana.

Alipoona lile pengo la kila siku saba, alifurahi sana. Jerida alirudi nyumbani anang'aa. Daktari alikuwa amemweleza kwamba jua linajizungusha kwa siku ishirini na saba hivi, na robo yake inakaribia siku saba, kwa hivyo huenda jua ndilo linalosukuma vumbi kwa zamu. Ikiwa ni kweli, hiyo haikuwa digrii tu, hiyo ilikuwa habari ya kupelekwa kwenye mikutano ya wasomi.

Nikamuuliza kama jua nalo linaenda kanisani.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu, na alinikasirikia. Aliniambia sijui jinsi ilivyo ngumu kuwa mwanamke peke yake katika idara ile, na badala ya kumsaidia namletea mzaha. Nilinyamaza. Wakuu, hapa nakiri kosa langu. Nilinyamaza pia kwa sababu niliona kamati inakaribia, Daktari amefurahi, na mimi sitahitaji kwenda Kimilili. Nikajiambia labda kweli wao wanajua.

Kisha mama mkwe wa Ombati akafariki. Ombati na Kemunto wakaenda Kisii wiki nzima.

Mnajua grafu ilifanya nini? Ililala chini siku saba.

Mimi nilikuwa natazama ule mstari nikiwa nimeshika kiuno. Jerida alikuwa anarukaruka kwa furaha. Alikimbia nao kwa Daktari, na Daktari akasema hili ni tukio kubwa la angani, lazima aje kuliona hilo paa yeye mwenyewe kabla ya kamati, aweke nailoni yake kwa mkono wake.

Akapanga kuja Ijumaa alasiri. Kati ya siku zote za wiki, Ijumaa.

Alifika na gari lake, amevaa shati jeupe na tai, viatu vinang'aa mpaka alipokanyaga tope letu. Nilimpa kiti, nikampa chai. Alinisalimu vizuri, sina ubaya naye, lakini hakuniuliza lolote ila ngazi. Ngazi tuliazima kwa Ombati, aliyekuwa amerudi kutoka matangani na oda za wiki nzima zinamngoja. Aliipitisha juu ya ukuta, akarudi kwenye mashine.

Daktari akapanda. Jerida ameshika ngazi. Nyambura yuko kwenye ua, mahali pake.

Na Ombati akawasha.

Cheche ziliruka ukuta kama kawaida ya Ijumaa. Daktari akarudi nyuma kidogo, akapangusa vipunje vyeusi kwenye mkono wa shati. Akautazama. Akatoa lenzi ndogo mfukoni, akautazama tena kwa muda mrefu sana, huku kelele za kusugua chuma zikiendelea. Kisha akashuka, ngazi moja moja. Ndiyo mara ya kwanza aliponigeukia mimi.

"Mama, huyu fundi hufanya kazi kila siku?"

"Kila siku isipokuwa Jumamosi. Ni Msabato."

"Na ile wiki ya juzi, siku zote saba?"

"Alienda Kisii kumzika mama mkwe. Bosibori, ndilo lilikuwa jina lake."

Nyambura akatoka kwenye ua, akaingia kwake.

Daktari akamuuliza Jerida kama alijua. Jerida alinitazama mimi. Daktari akafunga lenzi yake ndani ya kitambaa, akasema kamati ni Jumanne na hashauri aende na kazi hiyo. Chai akaiacha nusu.

Jerida aliingia ndani akabandua ile karatasi ukutani, ikatoka na rangi yangu. Akaanza kukunja nguo. Analia na kukunja, anakunja na kulia.

Akaniambia, "Sasa umefurahi, dada. Twende Kimilili ukamwonyeshe baba ulivyokuwa na akili."

Wakuu, hapo nilichemka. Miezi mitano sina mahali pa kuanika kunde. Mume wangu hana redio. Nimechekwa plot nzima. Nimesema mara tatu, nimeambiwa nafanya mzaha, halafu kosa ni langu. Nilikuwa nakatakata sukuma wiki, nikaweka kisu chini.

Nikamuuliza, kwa hasira tu, si kwa hekima: "Na vile vya Jumamosi vilitoka wapi?"

Akasema vya Jumamosi havikuwa vitu, vilikuwa vichache.

"Vichache si sufuri. Ombati alikuwa kanisani. Nani alivileta?"

Akaacha kukunja.

Alikaa chini pale pale juu ya nguo. Kisha akavuta kasha la viatu alimohifadhi vikaratasi vyake, akaanza kuchambua. Vya Jumatatu huku, vya Jumanne huku, vyote akasukuma pembeni. Akabaki na rundo dogo la Jumamosi, na vingine vya ile wiki ya matanga. Hakuniomba msamaha. Aliniomba taa isogezwe.

Jumatatu alishinda kwenye hadubini ya watu wa wanyama mpaka wakamfungia mlango. Jumanne akaenda mbele ya kamati bila ile grafu kubwa. Alikuwa na vigololi vya Jumamosi peke yake, na aliwaambia wazi kwamba vingine vyote ni vya fundi wa chuma anayeitwa Ombati wa Dandora. Daktari Kitonyi alikuwepo, ameinamia meza.

Profesa mmoja, Abwao, akamuuliza kama upepo hauwezi kubeba uchafu wa Ijumaa ukatua Jumamosi. Akasema unaweza, na ndiyo maana anaomba muda apate paa lisilo na fundi. Profesa akamuuliza amejuaje habari ya Jumamosi. Jerida alisema aliambiwa na mwenye nyumba.

Walimpa mpaka Pasaka.

Kimilili tulienda kweli, mimi na yeye, lakini na nailoni. Niliongea na Mzee Yohana kutwa nzima. Mabati makubwa yaliyokuwa mbali na moto wowote yalikuwa ya kanisa, na mzee wa kanisa alikuwa yeye. Alikataa asubuhi, akakataa mchana. Jioni alitaka kujua kama ni kweli kwamba vitu hivyo vinatoka mbinguni. Jerida akasema si mbinguni, ni angani. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Mzee akasema basi apande, lakini si wakati wa ibada.

Vilikuwepo, wakuu. Vichache vile vile kama vya Jumamosi zangu. Kamati ikampa Jerida mwaka wa kuendelea, na baadaye akapata digrii yake.

Alipomaliza aliniletea kile kitabu chake, jalada jeusi, nene. Kilikuwa cha Kizungu, nikamwambia anisomee ukurasa wa shukrani tu. Alimshukuru Daktari Kitonyi kwa uongozi wake. Akawashukuru watu wa idara ya wanyama kwa hadubini, baba kwa subira, kanisa kwa mabati. Mwisho kabisa akamshukuru dada yake kwa kumruhusu kutumia paa.

Kwa paa.

Nilimwambia asome tena, nikifikiri ameruka mstari. Alikuwa hajaruka. Leo Jerida ni mstaafu, anakuja kwangu kila Krismasi, na kila Krismasi namuuliza kuhusu hilo neno. Anasema nafasi ilikuwa ndogo.

Kijana mwenye ule uzi, mimi sina ushauri kuhusu mashimo meusi, waulize hao wanaotukanana. Ninachokuambia ni kwamba popote utakapoweka chombo chako, kaa hapo wiki nzima bila kupima kitu. Muulize anayefagia mahali hapo, jirani anafanya kazi gani na anapumzika lini. Akikujibu, andika, hata kama darasa alifika la nne. Na siku ya kushukuru, uandike alichokuambia, usiandike paa.

Wengine humu ambao mliwahi kusema jambo mara tatu mbele ya msomi wa nyumbani kwenu mkaonekana mnafanya mzaha, leteni yenu hapa chini, mtaje majina. Wasomi nanyi karibuni, ila kabla ya kunikosoa mniambie Jumamosi majirani zenu huwa wako wapi.